Kisigino cha Kinyonga

Buffalo, 11 Januari 2025

Kwa Séphora, mke wa Ntwari,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini baridi ya Columbus haijawashinda, kwamba mtoto Leya anakua vizuri, na kwamba Ntwari anarudi salama kila akitoka na lori lake. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo. Tangu nianguke kule kiwandani haukubali tena kubeba kitu, donc mchana kutwa niko nyumbani.

Najua hukutarajia barua kutoka kwangu. Tangu asubuhi ile nilipotoka kwenu bila kunywa chai, kwa sababu ya wale wanyama uliowaweka sebuleni, naongea na Ntwari peke yake. Leo sikuandikii kuhusu hayo. Naandika kwa ajili ya mtu mwingine.

Nyumba ya chini yangu anakaa Mizero, kiongozi wa kwaya yetu, na mke wake Kostansia. Mizero anafanya kazi ghalani, Kostansia anatunza wazee. Binti yao Isaro ana miaka tisa. Alisoma kitabu shuleni, akaomba kinyonga, akaomba tena, na Noeli wakamnunulia. Kostansia haingii tena katika chumba alimowekwa. Dukani waliwapa sanduku la kioo, taa nyekundu ya kuwaka usiku, bakuli la maji na kopo la minyoo mikavu. Waliambiwa vinatosha.

Sasa mnyama anafumba macho mchana. Macho yenyewe yameingia ndani. Mizero alisimama kanisani akauliza kama kuna mtu anayejua mambo haya. Watu walicheka, wengine wakakemea. Mimi nilichunga ng'ombe tangu nikiwa mtoto, na nilipochungulia mlangoni kwao niliona mnyama mwenye kiu.

Niambie la kumwambia Mizero. Ukiona hutaki kujibu, nitaelewa. Nimeandika kwenye karatasi na kuipiga picha, maana vidole vyangu havielewani na simu.

Karekezi, baba wa Ntwari


Columbus, 11 Januari 2025

Baba mkwe mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia u mzima, na pole kwa mgongo. Leya ana mafua kidogo, si kitu. Ntwari yuko njiani kuelekea Texas. Nimemsomea barua yako kwa simu, akasema nijibu haraka. Nakujibu nikiwa kazini, wakati wa mapumziko.

Bon. Umeona sawa, ni kiu. Kinyonga hajui bakuli ni nini. Kwao maji ni umande na mvua juu ya majani, na akiwekewa bakuli atakufa kiu akiwa amelitazama. Leo hii Mizero achukue chupa ya kupulizia maji, ile ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi, lakini mpya, isiyowahi kutiwa sabuni. Aweke mmea wa kweli ndani, apulizie majani taratibu mpaka maji yadondoke. Asimpulizie usoni. Asikate tamaa akiona mnyama hanywi mara moja, wengine huchelewa kuamini.

Taa nyekundu izimwe. Usiku anataka giza kabisa, kama wewe na mimi. Kile kioo kinazuia hewa, watafute tundu la wavu. Minyoo mikavu itupwe, haina maji wala uhai. Anakula nyenje walio hai, na hao nyenje nao walishwe mboga kwanza. Jambo la mwisho ni gumu kwa mtoto: asimshike. Kinyonga akishikwashikwa anavumilia tu, hapendi.

Unaweza kujiuliza nimejua wapi. Kuna Mtanzania mmoja anaitwa Rugaba, amepanga karibu na chuo kikuu hapa, anasomea magonjwa ya wanyama. Yeye ndiye aliyenifundisha. Sasa tuna kundi kwenye simu la watu walionunua vinyonga, na kila siku wapya wanatuandikia. Karibu wote wanaanza na maneno yaleyale: "Dukani waliniambia."

Nipe habari.

Mkwe wako, Séphora


Buffalo, 18 Januari 2025

Mama Leya,

Amani ya Bwana iwe nanyi. Mafua ya mtoto yamekwisha? Huku theluji imefunga mlango wa nyuma na tunatumia wa mbele tu.

Nilimpelekea Mizero maneno yako. Alinunua chupa na mmea siku ileile, na tundu la wavu amelipata kwa mtu aliyekuwa akihama. Lakini yeye na mkewe wanaondoka alfajiri, na Isaro anakwenda shule. Mchana hakuna mtu. Mizero akaniangalia. Nikamwambia, "Usiniangalie hivyo, mimi siingii mle." Kesho yake aliniachia ufunguo.

Nikaingia. Ujue kwamba kwetu milimani tukikutana na kinyonga njiani tulikuwa tunarudi nyumbani na siku hiyo safari imekwisha. Mama yangu alikuwa hata hatamki jina lake. Nilisimama mbali, nikanyoosha mkono wenye chupa kama mtu anayemlisha mbwa mkali, nikapulizia. Hakufanya kitu. Jicho moja liligeuka likanitazama, lingine likabaki ukutani. Nilipulizia tena. Nilikuwa nataka kuondoka alipofungua mdomo na kuanza kulamba jani. Akanywa, Mama Leya. Alikunywa kwa muda mrefu, taratibu sana, hata nikavuta kiti.

Sasa naenda kila siku. Macho yamerudi nje. Jana alikula nyenje wawili, na ulimi ulipotoka niliruka mpaka nikagonga mlango. Kostansia, aliyekuwa na mapumziko, akauliza kutoka jikoni, "Mzee, amekuuma?" Nikamwambia hapana, ananionyesha tu jinsi anavyofanya kazi.

Isaro amemwita David, maana dukani walisema ni dume.

Babu wa Leya


Columbus, 20 Januari 2025

Baba,

Shikamoo. Leya amepona, anaimba nyumba nzima. Nimecheka peke yangu ndani ya basi la Morse Road mpaka mama mmoja Msomali akaniuliza kama niko salama.

Umefanya kazi nzuri. Bado kitu kimoja kikubwa. Nyumbani kwetu wanyama hawa wanakaa juani. Huko Buffalo hakuna jua, na jua likipita kwenye kioo cha dirisha linapoteza kile wanachokihitaji. Mizero anunue taa ndefu yenye mionzi kama ya jua, awashe mchana tu, na nyenje wapakwe unga wa kalsiamu kidogo kabla ya kuliwa. Bila hivyo mifupa inalegea kama mpira. Nimewaona walioinama miguu, hawanyooki tena.

Halafu, Baba, nina swali. Waliosema ni dume, walitazama wapi? Huyo katika picha aliyonitumia Isaro ni wa aina ya Yemen, mwenye mfupa kama kofia kichwani. Aina hiyo, dume huzaliwa na kidole kidogo nyuma ya mguu, kwenye kisigino, kama kwato ndogo ya mbuzi. Jike hana. Usimshike. Subiri apande wavu, utazame kisigino kutoka nyuma. Ni muhimu, nitakueleza kwa nini ukishaona.

Mkwe wako, Mama Leya


Buffalo, 2 Februari 2025

Mama Leya,

Salamu kutoka kwa watu wote wa nyumba hii, na hata Kostansia anakusalimu, ingawa anasema salamu zake ziishie kwako, zisifike kwa vinyonga wako.

Nimetazama. Alipanda wavu leo asubuhi nikiwa nimekaa nyuma yake na miwani. Kisigino ni laini. Hakuna kitu, kulia wala kushoto. Nilimwita Isaro aje aone, akanijibu kwa Kiingereza kwamba haidhuru, hata msichana anaweza kuitwa David.

Tena rangi imebadilika. Alikuwa kijani tupu, sasa ana madoa ya buluu na manjano, na tumbo limejaa pande zote mbili. Kama angekuwa ng'ombe ningesema ana mimba, lakini yuko peke yake tangu Noeli na dukani alikuwa mdogo. Nieleze.

Nina habari nyingine, ya msiba. Mume wa dada yangu Kanyana, kule Louisville, amefariki Ijumaa. Alikuwa mgonjwa muda mrefu. Ninaondoka kesho na watu wa kanisa. Nitakaa na dada yangu mpaka mambo ya msiba yaishe. Ufunguo nimemrudishia Mizero.

Babu wa Leya


Columbus, 2 Februari 2025

Baba,

Pole sana. Shangazi Kanyana nimemtumia ujumbe na Ntwari amempigia. Mungu amtie nguvu, na wewe pia, najua mlikuwa kama ndugu na shemeji yako. Ntwari atajaribu kupita Louisville na lori siku ya mazishi.

Samahani kwamba ninachanganya msiba na mambo haya, lakini hayangoji. Jike wa aina hii hutaga hata bila dume, kama kuku wa mayai. Ni mayai tu yasiyo na watoto. Lakini lazima ayatoe, na hawezi kuyatoa mpaka apate udongo wa kuchimba. Asipopata anayazuia tumboni mpaka afe. Anaweza kuonekana mzima leo, na kesho asiamke.

Donc Mizero atafute ndoo kubwa, aijaze mchanga na udongo, ulowane kiasi kwamba ukichoma kidole tundu linabaki, halibomoki. Aiweke chini ndani ya tundu la wavu. David ataacha kula, atatembeatembea chini akikwangua pembeni. Hapo wafunike upande wa mbele kwa shuka, na mtu yeyote asichungulie. Akimwona mtu anaacha kuchimba. Maji aendelee kupuliziwa, ila kwa kunyoosha mkono tu.

Ndoo iwekwe sasa, isisubiri akwangue. Tafadhali mpigie Mizero kabla hujapanda gari. Kama anataka, nitaongea naye mwenyewe.

Mkwe wako, Mama Leya


Louisville, 9 Februari 2025

Mama Leya,

Nakusalimu kutoka nyumba ya msiba. Tumezika jana. Ntwari alifika, alivaa suti juu ya buti za kazi, akabeba jeneza pamoja na binamu zake. Watu walikuwa wengi, wengine wametoka Kentucky yote na Indiana. Hapa theluji ni kidogo na ardhi ilichimbika bila shida. Dada yangu anakula kidogo, anaongea kidogo. Tunakaa naye kwa zamu.

Nilimpigia Mizero njiani nikamsomea barua yako yote, sehemu ya ndoo mara mbili. Akasema, "Ndiyo, Mzee." Nikamwambia akupigie. Akasema, "Ndiyo, Mzee."

Jana jioni Kanyana aliniuliza kwa nini siendi kwa mwanangu Columbus wakati Buffalo niko peke yangu. Nikamwambia kuhusu vinyonga. Akasema, "Sasa wewe unaogopa vinyonga, au unaogopa kwamba mwanao alioa mtu asiyekuogopa?" Sikumjibu. Nakuandikia kwa sababu sikumjibu.

Nitabaki hapa mpaka mwisho wa mwezi.

Babu wa Leya


Columbus, 27 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na Shangazi mnaendelea. Huku tuko wazima. Nimebadilishiwa zamu ghalani, sasa narudi mapema na Leya anafurahi.

Asante kwa barua yako ya Louisville. Nimeisoma, na hilo la Shangazi nimelisoma zaidi ya mara moja.

Mizero hakunipigia. Nilimwandikia nikiuliza kama ndoo imewekwa. Alijibu, "Tunashughulikia, dada, asante." Nikaomba picha, hakutuma. Isaro alikuwa ananitumia picha kila Jumamosi kwa simu ya mama yake. Jumamosi mbili zimepita kimya.

Ukirudi Buffalo, tafadhali pita kwao kabla hujafungua sanduku lako.

Mkwe wako, Mama Leya


Buffalo, 15 Machi 2025

Mama Leya,

Amani kwako na kwa nyumba yako. Unisamehe kwa kukawia. Nilirudi mwanzoni mwa mwezi. David alikuwa amekwisha kufa.

Nitakueleza kama nilivyoelezwa. Baada ya mimi kuondoka, alianza kukwangua kama ulivyosema. Mizero hakuwa ameweka ndoo. Siku hiyo alipotoka kazini alipita dukani kuuliza. Walimwambia huyo ni dume, dume hatagi, anakwangua kwa sababu ya joto dogo, wakamuuzia taa nyingine yenye nguvu. Akaifunga. Mnyama akaendelea kukwangua, halafu akatulia, na Mizero akafurahi kwamba taa imefanya kazi. Isaro ndiye aliyemkuta asubuhi, chini, amelala ubavu.

Nilimuuliza Mizero, "Nilikusomea barua mara mbili. Kwa nini ulikwenda dukani?"

Akasema, "Mzee, wale ndio wanaouza. Wana sare, wana vitabu. Nilifikiri watakosaje kujua? Mkwe wako ni mtu wa ghala kama mimi."

Sikuwa na hasira naye, na hilo lilinishangaza. Tumeishi nchi hii kwa kuuliza watu wenye sare. Wa uwanja wa ndege, wa hospitali, wa shule. Mara nyingi wametuambia kweli. Alifanya alichozoea kufanya.

Isaro hakulia mbele yangu. Aliniuliza kama David alikuwa anaumwa wakati ule wote. Nikamwambia ndiyo. Kostansia alinitazama vibaya, lakini sikuweza kumdanganya mtoto. David walikuwa wamemhifadhi ndani ya boksi kwenye theluji; tulimzika nyuma ya nyumba ilipoyeyuka. Kostansia alitoka na koti juu ya nguo za kulalia, akasimama nasi mpaka mwisho.

Babu wa Leya


Columbus, 16 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Pole kwako, na pole kwa Isaro. Mwambie hakukosea kitu. Mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo.

Jana niliposoma barua yako nilikaa jikoni bila kuvua viatu. Nimewasomea watu wengi kwenye kundi letu maneno ya ndoo, na wengi huja wamechelewa, lakini huyu nilikuwa namjua kwa jina. Rugaba anasema nisihesabu waliokufa, nitachoka. Mimi nimeshachoka, Baba. Natoka kazini, nafungua simu, nakuta mtu mpya na kioo kilekile na taa nyekundu ileile.

Jumamosi ijayo Ntwari ana mapumziko. Tunakuja Buffalo na Leya. Hatuleti kinyonga yeyote sebuleni mwako, usiogope. Nitaleta mmoja tu, mdogo, niliyemlea mwenyewe, kwa ajili ya Isaro, kama wazazi wake watakubali. Atabaki ndani ya gari mpaka waseme.

Usipike. Nitapika mimi.

Mkwe wako, Mama Leya


Buffalo, 2 Aprili 2025

Mama Leya,

Tangu mlipoondoka nyumba imekuwa kubwa. Leya amesahau soksi moja chini ya kiti na nimeiacha palepale. Ule ugali uliobaki niliula siku mbili, na Mizero alikula mboga zako zote akisema ni zake kwa haki ya ujirani.

Najua uliumia kimya Isaro alipokataa. Uliinama, ukamwonyesha yule mdogo, ukamwambia utamfundisha kila kitu, naye akasema, "No, thank you, auntie," akarudi chumbani. Ulitabasamu ukalifunga sanduku. Nimekaa na mtoto huyo baadaye. Amesema anampenda yule mdogo na ndiyo maana hamtaki.

Lakini jambo lenyewe halikunitoka. Jumatatu nilipanda basi nikaenda dukani. Sikwenda kugombana, mgongo wangu hauwezi ugomvi. Nilimkuta mama mmoja muuzaji, mtu wa makamo, mvi kama zangu. Nikamwomba anionyeshe vinyonga. Walikuwa watatu. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kiwandani, "Hawa ni madume?"

"Wote madume, bwana."

"Umetazama kisigino?"

Hakuelewa. Nikamwonyesha kwa kidole kwenye kioo. Alifungua, akachungulia wa kwanza, akachungulia wa pili. Akasema, "Wawili hawa hawana." Kisha akasema hakuna aliyewahi kumwambia, kwamba alipoajiriwa alipewa ukurasa mmoja kwa ajili ya wanyama wote, samaki na sungura pamoja. Nilimweleza kuhusu ndoo, na kuhusu Isaro. Aliniuliza mchanga uwe na maji kiasi gani. Ndipo meneja wake akaja, akaniuliza kama nanunua. Nikasema hapana. Akasema kwa adabu kwamba duka halitaki watu wa nje wawashauri wateja. Nikatoka.

Nilipofika mlangoni nilitazama nyuma. Yule mama alikuwa ameinama tena, anatazama wa tatu.

Babu wa Leya


Columbus, 6 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Soksi iache, ana nyingine.

Nimeisoma barua yako mbele ya Rugaba na wenzetu wa kundi. Mmoja alitaka tuliandike duka hilo vibaya kila mahali. Nimekataa. Likiandikwa vibaya, watu watakwenda duka la pili, na huko nako wanatoa ukurasa uleule. Afadhali mtu mmoja ndani anayetazama visigino.

Lakini usirudi kule kugombana na meneja. Una mgongo, na una karatasi za uhamiaji ambazo hazijakamilika. Nakuomba kama mtoto wako.

Isaro nimemwelewa. Ni kweli niliumia. Yule mdogo yuko hapa, anakula vizuri.

Séphora wako


Buffalo, 3 Mei 2025

Binti yangu,

Leo salamu ni fupi kwa sababu ninaandika moja kwa moja kwenye simu, kwa kidole kimoja, na mtu ananisubiri.

Nilikutii. Sijaingia tena dukani. Lakini nje ya duka kuna kituo cha basi chenye benchi, na benchi ni la mji, si la meneja. Jumamosi nakaa pale. Mwanzoni nilikuwa nakaa tu. Mtu akitoka na sanduku lenye matundu namsalimu, namuuliza kilichomo. Wengi wana sungura. Wengine wananiona mzee aliyechanganyikiwa, wanapita. Mmoja alisimama, akasikiliza, akarudisha taa nyekundu ndani.

Leo ametoka mwanamke kijana, amekuja moja kwa moja kwangu kabla sijamsalimu. Akasema, "Yule mama wa ndani ameniambia nisipande basi kabla sijaongea na wewe." Nilitazama kwenye dirisha la duka. Yule mama alikuwa anapanga makopo, hakuinua kichwa.

Nimemweleza maji, nimemweleza giza la usiku, wavu, nyenje, na kwamba asimshike. Anaandika kila neno kwenye mkono wake kwa kalamu. Lakini alipofungua sanduku nimekwama. Huyu si wa Yemen. Ana pembe tatu usoni, kama wale wa milimani kwetu ambao nilikuwa nawakimbia nikiwa mtoto. Dukani wamempa taa ya joto kali. Mimi nimemwambia asiiwashe kwanza, kwa sababu kule wanakokaa wanyama wa namna hii ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi, na sisi wachungaji tulikuwa tunavaa makoti mawili huku kinyonga akiwa juu ya mti bila kitu. Sijui kama nimesema kweli. Nimesema nilichokiona.

Anauliza joto liwe kiasi gani. Nimemwambia asubiri, nina binti Columbus anayejua.

Basi limefika na amekataa kulipanda. Kama uko kazini, toka nje kidogo unijibu.

Baba